Chukudu, Mbao Inayolisha Goma

Kabichi inayokatwakatwa mchana katika mikahawa ya Himbi, kando ya Ziwa Kivu, huenda alfajiri ilikuwa bado shambani Kibumba. Viazi vinavyokaangwa jioni katika vichochoro vya Birere vimeshuka kutoka juu huko huko, na makala, yaani makaa, yaliyo jikoni chini yake yameshuka navyo. Kati ya shamba na sahani kuna mteremko mrefu, kuna mawe meusi yaliyotapikwa na volkano ya Nyiragongo, na kuna chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na injini, pedali wala mnyororo. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, hukiita chukudu, na wamekizoea kiasi kwamba wengi hawakitazami tena.

Goma ni mji wa biashara na starehe kwa wakati mmoja. Una soko la Virunga, kubwa kuliko yote mjini. Una Birere, ambako nguo, simu na vipuri huuzwa hatua chache kutoka mpaka wa Rwanda. Una Kituku, ambako mitumbwi na meli hushusha shehena za kisiwa cha Idjwi na za Bukavu. Una bulevadi yenye benki, hoteli na maduka ya vioo. Februari 2014 mji huu ulianzisha pia Tamasha la Amani, lililoanza katika uwanja wa Kolegi Mwanga na kukusanya maelfu ya watu kwa muziki na ngoma. Mtu akisimulia historia ya mahali kama hapa, kwa kawaida huhesabu majengo: nani alijenga nini, mwaka gani. Hesabu hiyo inaacha nje swali moja zito. Mji huu, uliojengwa juu ya jiwe lisiloota mchicha, umelishwa na nani? Sehemu kubwa ya jibu imo mikononi mwa maseremala wa barabara ya Rutshuru.

Kanyaruchinya iko kwenye barabara hiyo, karibu kilomita 10 kaskazini mwa katikati ya mji, katika usultani wa Bukumu, eneo la Nyiragongo. Kwa wasafiri ni mahali pa kupita kabla ya Kibati, ambako waliopanda volkano walianzia safari yao ya miguu. Kwa chukudu ni mahali muhimu zaidi. Kibumba, iliko ardhi nzuri ya mboga, iko juu zaidi ya kilomita 20 kutoka Goma. Goma iko chini, ziwani, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kila mzigo unaotoka juu hupita Kanyaruchinya ukiwa umeshaonja mteremko, na kila hitilafu iliyojificha ndani ya mbao hujitokeza njiani humo. Ndiyo maana barabara hii ni ya usafirishaji na ni ya majaribio pia. Chukudu mbovu haifiki Virunga.

Mti kwanza

Kazi huanza kwa kuchagua mti, na hapo ndipo fundi hodari anapotengana na mwenye haraka. Mwili wa chukudu hutengenezwa kwa mkaratusi, mti wa kigeni ulioenea Kivu tangu enzi ya Wabelgiji kwa sababu hukua upesi na kunyooka. Mkaratusi ni mgumu, mzito, na unavumilia mzigo. Una tabia mbaya pia: ukikauka kwa pupa hupasuka kuanzia ncha, na ukikatwa bila kusoma nyuzi zake hujipinda. Mtu anayetengeneza stuli anaweza kulisamehe pindo dogo. Chukudu hailisamehi, kwa kuwa mwili uliojipinda kidogo tu huyafanya magurudumu mawili yasifuate mstari mmoja, na msukumaji atatumia siku nzima kupigana na chombo kinachotaka kwenda mtaroni.

Kwa hiyo mbao hulazwa, husubiriwa, hugeuzwa. Mteja mwenye haraka huja kuuliza, na fundi humjibu kwa Kiswahili cha pale pale: “Papa, muti ingali mubichi.” Jibu hilo halina mjadala. Mti mbichi ukitobolewa tundu la ekseli leo, tundu hilo litakuwa na umbo lingine mwezi ujao, na ekseli itaanza kucheza.

Magurudumu yanataka mti mwingine, mgumu kuliko mkaratusi, na mafundi wengi husifu ule uitwao mumba. Sababu inaeleweka ukifikiria kazi ya kila sehemu. Mwili hubeba uzito uliotulia, ila gurudumu hupigwa. Kila jiwe la njiani hugonga ukingo wake, na pigo husafiri hadi katikati, kwenye tundu la ekseli. Mti laini ungechakaa hapo katikati na kulia kama mlango mbovu kabla ya msimu kwisha.

Vifaa vya kazi ni vichache: shoka, panga, msumeno, patasi, nyundo. Panga ndilo linaloshangaza mgeni. Mikononi mwa mtu asiyejua, ni chombo cha kufyekea. Mikononi mwa fundi wa chukudu hufanya kazi ya randa: hulainisha ubavu wa ubao, huchonga shingo, huzungusha ukingo wa gurudumu kwa mapigo mafupi yanayoondoa ganda jembamba kila mara. Jicho ndilo rula, na kamba iliyovutwa toka ncha hadi ncha ndiyo hakimu wa mwisho.

Mwili, shingo na pembe

Chukudu kamili ina urefu wa takriban mita 2. Sehemu yake kuu ni ubao mmoja mnene unaolala karibu na ardhi. Nyuma, katikati ya ubao huo, hukatwa uwazi wa kuingiza gurudumu, na ekseli hupita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tazama uamuzi uliomo hapo. Uwazi huo hudhoofisha ubao mahali ambapo mzigo ni mkubwa. Fundi hawezi kuukwepa, kwa hiyo huacha kuta mbili za pembeni zikiwa nene, na hukata kona za uwazi bila kuingia ndani ya nyuzi zinazobeba. Ukiona chukudu nzee iliyovunjika, angalia kwanza hapo. Mara nyingi utaona ni nani alikata kwa ubahili na nani alikata kwa akili.

Mbele, mwili huinuka na kuwa shingo. Ndani ya shingo hupita nguzo ya usukani: chini imegawanyika kushika gurudumu la mbele, juu imebeba mti wa kukingama, mrefu, wenye ncha zilizopinda kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Urefu wa pembe hizo una kazi yake. Chombo chenye mamia ya kilo hakigeuzwi kwa mpini mfupi. Msukumaji anahitaji nyenzo, na kila sentimita ya mti wa usukani humpunguzia nguvu anayopaswa kutoa. Anapotembea ubavuni, mkono mmoja ukiwa kwenye pembe na mwingine kwenye mzigo, pembe ndefu humwezesha kuongoza bila kuinama.

Halafu huja mambo madogo ambayo ndiyo hupambanua kazi bora. Beringi kuukuu kutoka gari au pikipiki huingizwa katikati ya gurudumu ili mti usisuguane na chuma. Springi huongezwa mbele kwa wanaoweza kuipata. Ukanda wa tairi ya lori hukatwa na kuvishwa kwenye ukingo wa gurudumu, ukapigiliwa misumari ambayo vichwa vyake lazima vizame ndani ya mpira. Kichwa kinachochomoza kitakutana na jiwe la lava, na jiwe la lava hukata. Katikati ya ubao hupigiliwa kipande cha mpira au kandambili ya zamani: hapo ndipo goti la msukumaji hukaa pale njia inaporuhusu kusukuma kwa mguu mmoja. Mtengenezaji wa kiti cha ofisi angetoa kitabu kizima kueleza jambo ambalo kandambili hiyo inalitimiza.

Breki ni kipande kingine cha mpira, kinaning'inia juu ya gurudumu la nyuma. Msukumaji hukikanyaga, mpira hubana mpira, mwendo hupungua. Hakuna waya wa kukatika wala maji ya kumwagika. Kuna uzito wa mwili wa mtu, mguu wake, na kipimo chake cha hatari. Breki hiyo ina mipaka, na kila anayeshuka kutoka Kibati anaijua: hupunguza mwendo mdogo, haisimamishi mwendo uliokwisha kuwa mkubwa. Ujuzi wa kuteremka, basi, ni kutoruhusu chombo kianze kukimbia.

Wageni walioandika kuhusu chukudu wamesema huchukua siku tatu hivi kuundwa, hudumu miaka miwili au mitatu, na kwamba kubwa huweza kubeba hata kilo 450. Siku tatu hizo ni za kuunganisha. Hazihesabu miezi ambayo mbao zilisubiri, wala miaka ambayo fundi alihitaji ili mkono wake ujue kukata bila kupima mara mbili. Watoto wa barabara hiyo huanza mapema. Hujichongea chukudu ndogo za kuchezea, hushuka nazo vilima, huanguka, na kujifunza kabla ya kwenda shule kwamba gurudumu lisilo duara huumiza.

Chombo kilichozaliwa na dhiki

Chukudu ilienea Kivu miaka ya 1970. Zaire ya Rais Mobutu, ambayo leo ni Kongo, ilikuwa imetaifisha biashara za wageni mwaka 1973. Muda mfupi baadaye bei ya shaba iliporomoka duniani, na nchi ikaanza kukosa mafuta, vipuri na pesa za kukarabati barabara. Malori yalizidi kuwa machache. Mashamba hayakupungua, na walaji mjini waliongezeka. Seremala aliyekuwa na mti karibu na tairi kuukuu mkononi akaunda chombo ambacho hakikuhitaji kitu chochote kutoka ng'ambo isipokuwa misumari na mabaki ya magari yaliyokufa.

Wazo la kupanda mti wenye magurudumu mawili limewahi kuzaliwa kwingine pia. Mwaka 1817 huko Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alionyesha mashine yake ya mbao iliyosukumwa kwa miguu, na wapo wanahistoria wanaodai kwamba alisukumwa kuibuni na njaa ya mwaka 1816, wakati majivu ya volkano ya Tambora yalipoharibu mavuno ya Ulaya na farasi wakakosa chakula. Kama ni kweli, basi volkano ina mkono katika ukoo huu mara mbili. Tofauti ni matumizi. Mashine ya Drais ilibeba bwana mmoja aliyevaa kofia, ikapigwa marufuku kwenye njia za waendao kwa miguu katika miji kadhaa, ikafifia. Wafilipino wa Ifugao nao wana skuta zao za mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa, na siku hizi hujulikana zaidi kwa mashindano ya kuteremka. Rwanda, jirani wa mlango wa pili, ilizijua baiskeli za mbao. Chukudu ya Goma imebaki kazini kila siku, ikibeba viroba, na hiyo ndiyo sababu imeendelea kuboreshwa. Chombo kinachoingia makumbusho huacha kujifunza.

Goma yenyewe ilipanuka kwa namna isiyo ya kawaida. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache, wengi wakapelekwa kambi zilizozunguka mji, ikiwemo Kibumba, ambako maji yalikuwa shida kuliko chakula. Ardhi ya lava hunyonya mvua kama haikunyesha. Eneo zima la Nyiragongo halina mito ya kutegemea. Tangu zamani, kwa hiyo, chukudu zinazoshuka na viazi hupanda na bidoni za maji, sabuni, chumvi na sukari. Biashara ya mji na mashamba yake imefungwa pamoja na mizigo hiyo ya njia mbili.

Lava ikipita sokoni

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka, na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Ilimeza mitaa ya biashara, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya njia ya ndege, ikafunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Wengi walirudi kabla mawe hayajapoa, wakaanza kujenga juu yake. Katika miezi iliyofuata, mahali ambapo gari halikuweza kupita kwenye mawimbi ya jiwe lililoganda, chukudu ilipata njia. Ilibeba mbao za vibanda vipya, mabati, saruji, na mawe yenyewe, yaliyovunjwa kwa nyundo ili yawe kuta. Maduka mengi ambayo leo yana milango ya vioo yana kuta za jiwe hilo jeusi ndani yake.

Jambo hilo lilijirudia kwa kiasi kidogo tarehe 22 Mei 2021. Lava ilikata barabara ya taifa namba 2, ile ile ya Rutshuru, ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji, baada ya kuua watu zaidi ya 30 na kuteketeza nyumba zaidi ya 3,000. Barabara ilipokatika, bei ya mboga mjini ilitoka nayo kwenye kawaida yake, na kila mama muuzaji alikumbushwa chakula chake kinatoka upande gani.

Kati ya milipuko hiyo miwili, mwaka 2009, mji ulisimamisha sanamu ya msukuma chukudu yenye rangi ya dhahabu katika mzunguko mmoja wa barabara. Mzunguko huo sasa huitwa kwa jina la chombo hicho. Watu huahidiana kukutana pale, maharusi hupiga picha, na madereva wa pikipiki huutumia kama alama ya njia. Miji mingi ya Afrika imesimamisha sanamu za majenerali na marais. Goma iliamua kumpa nafasi hiyo mbeba viazi. Uamuzi huo unastahili sifa, na unafaa usomwe vizuri: sanamu inamtukuza anayesukuma. Aliyechonga chombo hana sanamu.

Kuteremka ni kazi

Anayetaka kuelewa kazi ya fundi lazima aangalie pia ya msukumaji, kwani mmoja humkosoa mwenzake. Kupakia ni elimu ya kwanza. Viroba vizito hulala chini na karibu na gurudumu la nyuma. Mboga nyepesi huja juu. Kamba ya mpira iliyokatwa kutoka mrija wa tairi huzungushwa na kukazwa mpaka mzigo na ubao viwe kitu kimoja. Mzigo unaocheza hupindua chombo kwenye kona. Mzigo ulioegemea mbele hufanya usukani uwe mzito, na ulioegemea nyuma kupita kiasi huinua gurudumu la mbele kwenye shimo.

Panapokuwa tambarare, mtu hutembea ubavuni na kusukuma, mara nyingi mwenzake akisaidia nyuma. Panapoanza kuteremka, hupanda juu au huweka goti kwenye kandambili, mguu mwingine ukiwa tayari kwenye breki. Kati ya Kibati na Munigi, huku malori na pikipiki zikipita kwa kasi, anasoma barabara kwa umbali kuliko dereva wa gari, kwa kuwa yeye hana nafasi ya kubadili nia. Jioni, chombo kikiwa tupu, husukumwa kurudi juu, na hapo kila kilo ambayo fundi aliiacha ndani ya ubao bila sababu huhisiwa mabegani.

Malalamiko ya msukumaji humfikia fundi moja kwa moja. Chukudu inayovuta kushoto hurudishwa kwa seremala yule yule, mbele ya watu, na wote waliopo huchangia maoni. Hakuna kiwanda kilicho mbali cha kulaumiwa. Uhusiano huo wa karibu ndio umefanya umbo la chukudu likomae: kila kipimo kimebishaniwa barabarani na watu wanaolipia kosa lake kwa goti na mfuko.

Sifa hizi hazifuti ukweli wa maisha hayo. Kusukuma mamia ya kilo huchosha kifua na kuharibu viungo. Ajali za mteremkoni hutokea. Barabara hiyo imekuwa na vizuizi vya kila aina ya wenye silaha, na kila kizuizi hutaka tozo. Makala mengi yaliyoingia Goma kwa miaka mingi yalichomwa kinyume cha sheria ndani ya Hifadhi ya Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Chukudu haiulizi mzigo wake ulikotoka. Na fundi mwenyewe hutegemea miti hiyo hiyo inayopungua. Mradi wa Ecomakala wa shirika la WWF, ulioanza mwaka 2007, uliwahimiza wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya kuni na makala kwenye mashamba yao. Kila mkaratusi unaopandwa nje ya mbuga una uwezekano wa kuwa makala, nguzo ya nyumba, au mwili wa chukudu.

Vita navyo vimepita juu ya Kanyaruchinya zaidi ya mara moja. Mwaka 2012 palikuwa na kambi ya waliokimbia mapigano ya Rutshuru, ikatawanyika waasi wa M23 walipoiteka Goma mwezi Novemba mwaka huo. Kuanzia 2022 kambi ilirudi, kubwa kuliko ya kwanza, kisha ikavunjika tena mwanzoni mwa 2025, baada ya Goma kutekwa na M23 mara ya pili. Katika kila kukimbia, picha zilizotoka barabara hiyo zilikuwa na chukudu ndani yake: magodoro, sufuria, mbuzi, mtoto ameketi juu ya mzigo. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya soko kiligeuka chombo cha kuokoa nyumba nzima, kwa sababu kilikuwa pale, kilikuwa na nguvu, na hakikuhitaji mafuta.

Tunachodaiwa

Siku hizi pikipiki za magurudumu matatu huingia katika kazi ambazo zamani zilikuwa za chukudu, na hakuna sababu ya kulilia hilo. Kijana aliyeweza kununua injini akapumzisha goti lake amefanya vyema. Ila injini huharibika, mafuta hupanda bei, na barabara ya lava hula vipuri. Chukudu ingali ikishuka na kabichi. Waandishi waliopita Goma muongo uliopita walitaja bei ya karibu dola 100 kwa chukudu moja, na mapato ya msukumaji ya karibu dola 10 siku ya kazi nzuri. Katika mji wa zaidi ya watu milioni 1, ni vigumu kupata mtaji mwingine wa kiasi hicho unaorudisha pesa zake upesi namna hiyo.

Tatizo ni kwamba elimu iliyomo ndani ya chukudu haijaandikwa. Vipimo viko mikononi mwa watu, na watu hukimbia, huugua, hufa. Shule za ufundi za Goma hufundisha vijana kuunda meza na madirisha kwa michoro. Chukudu, chombo cha mbao chenye hesabu nzito, hujifunzwa kando ya barabara tu, kwa bahati ya kuwa na mjomba fundi. Hilo linaweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Mwalimu mmoja na wanafunzi wachache wakikaa na mafundi wa barabara ya Rutshuru, wakapima shingo, ekseli, pembe na breki, wakachora na kueleza sababu ya kila kipimo, watakuwa wameandika mojawapo ya vitabu vya ufundi vyenye manufaa makubwa kwa Kongo ya mashariki.

Na wewe msomaji unayenunua viazi Virunga au kula chakula cha jioni Himbi, una deni dogo la kila siku. Ukibishana bei na mama wa mboga, kumbuka kwamba ndani ya bei hiyo mna mti uliosubiriwa ukauke, gurudumu lililochongwa kwa panga, na mtu aliyeshuka na breki ya mpira mmoja. Mafundi hawa wapimiwe kazi yao, waandikwe majina katika vitabu vya mji, na walipwe bei ya haki.